Sura ya Tisa: Ng'ombe Waliofutika Winguni

Ng'ombe sita walikuwa wamefungwa kwenye uzio nyuma ya kituo cha polisi. Kila mmoja alining'inizwa shingoni kipande cha boksi chenye namba ya jalada, na upepo wa Juni ulioshuka kutoka milima ya Mbizi ulikuwa ukivigeuzageuza vile vipande kama unatafuta kitu kilichoandikwa upande wa pili. Koplo Abel alimwaga maji katika beseni, akarudi nyuma. Hakuna aliyekunywa.

"Tangu wahamishiwe hapa jana hata mabua hawali, afande," alisema. "Wamemzoea mtu wao."

"Mtu wao amefungwa pingu kitandani hospitali," alijibu Inspekta Jovina.

Alikuwa ameshika kishikwambi cha kikundi cha wafugaji na alikuwa akilinganisha picha zilizomo na ng'ombe waliosimama mbele yake. Kazi hiyo ilipaswa kuwa nyepesi. Alikuza picha ya kwanza. Kilichotokea ni doa la kahawia na doa jeupe, bila pembe, bila jicho. Akakuza ya pili, nayo ikawa hivyo hivyo. Ilikuwa kama kumtazama ng'ombe kupitia kioo cha dirisha chenye mvuke.

"Huyu ndama ana umri gani?" aliuliza, akimnyooshea kidole mdogo kuliko wote.

"Miezi minne. Labda mitano."

"Hayumo humu."

Abel alisogea kutazama. Jovina alipandisha orodha juu, akaishusha chini. Kikundi kile kilikuwa na wanachama wengi kutoka bonde zima la Rukwa mpaka huku juu Ufipa, na kanuni yao ilikuwa kwamba kila ndama akizaliwa anaingizwa, ili chanjo isimpite. Lakini ndama wa mwisho aliyeandikwa alikuwa wa Oktoba. Kuanzia hapo hapakuwa na uzazi, chanjo wala kifo. Masika yote yalikuwa yamepita kana kwamba mkoa mzima hauna ng'ombe jike hata mmoja.

"Nenda kawashe gari," alisema Jovina.

Jalada lenyewe lilikuwa fupi na baya. Mzee Maganga, mfugaji mwenye mali, alikutwa amekufa kwenye njia inayokata mashamba ya ulezi nje ya Milanzi, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Kesho yake Mboje, kijana aliyemchungia tangu wahamie kutoka Geita, alikutwa njiani akiswaga ng'ombe sita wa marehemu. Alisema anawapeleka josho. Watu hawakungoja kusikia zaidi. Polisi walipofika, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaharibika. Ng'ombe wengine kumi na wawili wa marehemu hawakuonekana mpaka leo. Mwendesha mashtaka alitaka jalada Jumatatu, na shtaka lilikuwa la mauaji, ambalo halina dhamana.

Mboje alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na alilirudia kila alipoulizwa. "Mzee aliniwekea wale sita. Imeandikwa kwenye simu za kikundi."

Kuweka ng'ombe ni desturi ya wafugaji hawa. Mwenye mali halazi mifugo yake yote katika zizi moja. Huweka wachache kwa rafiki, wachache kwa mpwa, wengine mbali zaidi, ili ugonjwa au wezi wakiingia zizi moja wasimmalize. Naye hatangazi amewaweka wapi. Kumwuliza mtu mahali walipo ng'ombe wake ni ukosefu wa adabu, na kuwahesabu ni zaidi ya hapo. Kwa sababu ya siri hiyo, mara nyingi mwenye mali akifa ghafla, watoto wake hawajui pa kuanzia. Ndiyo maana kikundi kilikubali, miaka miwili iliyopita, kuingiza kila mnyama katika programu ya simu: picha yake, mwenyewe ni nani, anatunzwa na nani. Vifaa vilikuwa vitatu. Kishikwambi alikaa nacho katibu, Yusto. Simu moja ilikuwa ya mweka hazina, Mzee Sayi, na nyingine ya Ignasi, mganga wa mifugo wa kikundi. Kilichoandikwa katika kimoja kilipanda kwenye wingu, kikashuka katika vingine.

Na katika kishikwambi alichokuwa nacho Jovina, ukimtoa ndama, wale watano waliokuwemo hawakuwa wamewekwa kwa Mboje. Palipopaswa kuwa na jina la mtunzaji paliandikwa Maganga mwenyewe.

*

Duka la Yusto lilikuwa Majengo, mjini Sumbawanga, katikati ya duka la vitenge na la dawa za mifugo. Aliuza simu na kuzitengeneza. Alikuwa mtu wa makamo, mtanashati, mwenye shamba kubwa la mahindi upande wa Laela ambako alikwenda kila Jumamosi baada ya kufunga. Alimvutia Inspekta kiti, akakifuta kwa kitambaa.

"Karibu, afande. Kimekusumbua hicho kifaa?"

"Kidogo. Orodha inaishia Oktoba."

Yusto alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ilikuwa imegoma, afande. Kila kifaa kinasema lake. Huku ng'ombe yupo, kule hayupo. Ikabidi niweke upya usawazishaji. Kwa bahati mbaya yale ya karibuni yakapotea."

"Uliweka upya lini?"

"Wiki ile ile ya msiba."

"Nieleze inafanywaje. Mimi ni mtu wa mafaili ya karatasi."

Alieleza vizuri, kwa utaratibu wa mtu anayejua kazi yake. Unachagua kifaa kimoja ambacho nakala yake ndiyo unayoiamini. Unafuta yote yaliyoko kwenye wingu. Unapandisha upya kutoka kile kifaa ulichokichagua. Kisha vile vingine vinatupa nakala zao za zamani na kuvuta hii mpya, na kuanzia hapo vyote vinasema neno moja.

"Vingine vinatupa vyenyewe?"

"Vikipata mtandao tu. Huhitaji kuvigusa."

"Na wewe ulichagua kifaa kipi?"

"Hicho ulichoshika. Ndicho kikubwa, ndicho cha ofisi."

"Wenzako walikubali?"

"Niliwaita wazee. Mzee Sayi aliogopa kusikia neno kufuta." Yusto alitabasamu kidogo. "Nikamwambia, mzee, wingu ni kama kuweka ng'ombe kwa rafiki. Hata wa nyumbani wakifa, wale wapo. Akaelewa mara moja."

"Na picha? Mbona zimefifia?"

"Kamera ya kifaa chenyewe, afande. Ni cha bei rahisi."

Jovina aliinua kishikwambi. "Simama hapo hapo mbele ya rafu. Usiogope, si picha ya jela."

Yusto alicheka, akasimama. Jovina akapiga, kisha akaikuza ile picha. Vifungo vya shati vilionekana kimoja kimoja. Nyuma yake, kwenye rafu, hata maandishi madogo juu ya maboksi ya chaja yalisomeka.

"Kamera nzuri," alisema.

Yusto hakucheka tena. Alichukua kile kitambaa cha kufutia kiti, akaanza kufuta kioo cha kaunta ambacho hakikuwa na vumbi.

*

"Simu ndogo," alisema Abel walipokuwa ndani ya gari. Katika kituo kizima, yeye ndiye aliyekabidhiwa kesi za mitandao. "Programu kama hizi, afande, kifaa kikiwa na nafasi ndogo, hakihifadhi picha kamili. Kinahifadhi vijipicha. Sasa ukifuta wingu na kupandisha kutoka kifaa hicho, vinapanda vijipicha, na vinashuka vijipicha kila mahali."

"Kwa hiyo si kishikwambi kilichopandisha."

"Hapana. Ni kifaa kidogo. Na kilichoishia Oktoba."

"Sayi au Ignasi."

"Sayi ndiye mweka hazina," alisema Abel, na akaongeza mwendo.

Mzee Sayi walimkuta nyumbani kwake Milanzi, ameketi juani akitafuta joto ambalo halikuwepo. Jovina alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinuka, na alipoombwa simu yake aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti kwa kusitasita. Ilikuwa simu ndogo, ya zamani, lakini kioo chake kilikuwa kipya kabisa.

"Mzee, simu hii ndiyo iliyofuta ng'ombe wa watu," alisema Abel.

"Simu yangu?"

"Yako."

"Wewe kijana, mimi hata kufuta picha ya mjukuu wangu sijui. Unaniambia nimefuta ng'ombe?" Mzee alimgeukia Jovina. "Afande, mwanao huyu amekula asubuhi? Nimezika na Maganga wazazi wake wote wawili. Tulivuka naye Mto Malagarasi tukiswaga ng'ombe, yeye ana homa, mimi nimembeba begani. Leo mnakuja kunitazama hivyo?"

"Sikutazami hivyo, mzee," alisema Jovina. "Natazama kioo. Kimebadilishwa lini?"

Hasira ya Sayi ilishuka polepole kama vumbi. "Kilipasuka mwezi wa kumi. Nilianguka nayo wakati wa kufunga plau. Nikampelekea Yusto. Akasema vioo vya aina hii mpaka viagizwe Dar. Nikakaa na simu ya kitochi masika yote."

"Akakurudishia lini?"

"Baada ya maziko. Siku tuliyokwenda kumpa pole mjane. Alinipa mkononi, akaniambia, mzee, imepona."

Jovina alimtazama Abel, na Abel akashusha macho. Sasa ilionekana wazi. Simu ile ililala kwenye droo ya Yusto tangu Oktoba, imezimwa, na ndani yake imo orodha kama ilivyokuwa Oktoba, kabla Maganga hajaweka ng'ombe wake mahali popote. Kila kilichoandikwa baadaye hakikuifikia hapo ilipolala. Maganga alipokufa, Yusto aliweka kioo, akaiamsha akiwa ameiondolea mtandao, akafuta wingu, kisha akairuhusu simu iliyolala ipandishe yale iliyoyajua. Hakufuta jina la mtu hata moja. Alirudisha tu siku nyuma.

"Aliniambia ni kama ng'ombe wa kuweka," alisema Sayi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nami nikawaambia wenzangu watie saini."

"Ng'ombe uliyemweka kwa rafiki, mzee, hafi kwa sababu wa nyumbani amekufa," alisema Jovina.

"Hafi."

"Huku kwenye wingu, akifa mmoja, wote wanakufa. Isipokuwa aliye mbali, ambaye habari haijamfikia bado."

Mzee aliitazama mikono yake. Kisha akainua uso. "Ignasi," alisema. "Alishuka ziwani kuchanja kabla ya msiba. Yuko kwenye vile vijiji vya pwani ambavyo hufiki ila kwa boti. Huko hata ukipanda kichuguu hupati mtandao. Hajui hata kama Maganga amekufa."

Jovina alipiga namba ya Ignasi palepale. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya upelelezi maneno hayo yalimpa nafuu.

"Akirudi Kipili, bandarini, atashika mtandao," alisema Abel. "Ila data ndiyo itakayoamua. Bila bando, simu itapokea simu za kawaida tu. Orodha haitaguswa."

"Ignasi hana tabia ya kukaa na bando," alisema Sayi. "Tunamtania kwa hilo. Hununua akiwa na haja, tena kwa kulalamika."

"Basi tuna nafasi," alisema Abel.

*

Walipita tena Majengo kwa sababu Abel alitaka kujaza mafuta na kununua bando lake mwenyewe kabla ya safari. Wakala alikuwa Scola, aliyekaa kwenye kibanda cha mbao hatua chache kutoka dukani kwa Yusto.

"Mambo, Scola."

"Poa, afande. Leo umekumbuka kununua? Nilidhani polisi mnagawiwa bure."

"Tukigawiwa nitakuletea. Nakwenda Kipili, niwekee la wiki."

"Kipili kuna nini jamani," alisema Scola huku akibonyeza simu yake. "Kila mtu Kipili, Kipili. Yusto naye kila wiki ananunulia mtu wa huko. Likiisha muda linanunuliwa lingine. Nikamwambia, kaka, huyo shemeji yetu wa ziwani lazima ni mrembo. Akaninunia siku nzima."

Abel aliacha kuhesabu chenji. "Ni namba ya nani?"

"Jina likija linasema Ignasi. Kumbe si shemeji."

Jovina aliyasikia hayo kupitia dirisha la gari lililokuwa wazi. Hakuna mtu anunuaye bando kwa simu isiyopatikana, na akarudia wiki baada ya wiki, ila anayetaka simu hiyo ikipatikana isikose hata dakika moja. Yusto hakuwa amemsahau Ignasi. Alikuwa amemtegea.

Alishuka, akamwomba Scola amwonyeshe ujumbe wa manunuzi, akaupiga picha. Kisha akapiga kituoni, akaagiza askari wawili wasio na sare wakae karibu na duka la Yusto, wasimguse, na asiondoke mjini.

"Sasa endesha," alimwambia Abel.

Njia ya Namanyere ilikuwa na ukungu juu na vumbi chini. Pande zote mbili ulezi ulikuwa umeshavunwa, na nchi ilibaki wazi, ya rangi ya ngozi kavu. Kila walipopita mahali penye mtandao Jovina alipiga ile namba, na kila mara ile sauti ya mwanamke ilimjibu kwamba haipatikani. Mara moja, kabla ya kuanza kuteremka kwenda ziwani, kulikuwa na kimya kirefu kabla ya sauti kutokea. Abel alitoa mguu kwenye mafuta. Kisha sauti ikasema yale yale.

*

Kalisti, mwenye boti ya injini pale Kipili, alisikiliza maelezo yao huku akizibua mpira wa mafuta.

"Boti ya upande ule inarudi leo," alisema. "Lakini mkimngoja hapa mmechelewa. Watu wa kule wakikaribia kile kisiwa wote wanatoa simu. Mtandao wa mnara wetu unaanza pale. Utawaona wamenyoosha mikono kama wanasali."

"Basi tumkute kabla ya kisiwa."

"Ziwa si zuri leo."

"Nami si mzuri, Kalisti. Twende."

Ziwa lilikuwa la kijivu, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya maji bila nafasi kati yao. Boti ilipiga mawimbi kwa kishindo. Jovina alikaa ameshika ubao kwa mikono miwili. Alizaliwa nchi ya juu, wala hakujua kuogelea, na hakumwambia mtu.

Waliiona boti nyingine ilipotokea nyuma ya ncha ya kisiwa, mapema kuliko Kalisti alivyokisia. Ilikuwa na abiria wachache, mbuzi, na magunia ya dagaa. Mbele kabisa alisimama mwanaume mrefu aliyevaa koti la mvua, mguu mmoja juu ya sanduku la chanjo. Mkono wake ulikuwa juu, na mkononi mlikuwa na simu.

Abel alipiga kelele. Injini mbili ziliimeza sauti yake. Kalisti akazima ya kwake, na katika ukimya ule Jovina aliinuka wima, jambo ambalo asingelifanya kwa sababu nyingine yoyote, akashusha mkono wake kutoka juu kwenda chini, polepole, mara tatu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Yule mwanaume alimwona. Akashusha simu.

Boti zilipogusana, Jovina aliinama juu ya maji. "Ignasi?"

"Ndiyo mimi."

"Imeshika?"

"Inashika kimstari kimoja, inaachia. Kuna nini?"

"Inspekta Jovina, kutoka Sumbawanga. Weka alama ya ndege. Sasa hivi, kabla hujaniuliza kitu."

Ignasi aliitazama simu, akamtazama Inspekta, akabonyeza. Kisha akageuza kioo ili wote waone. Ile ndege ndogo ilikuwa juu, kwenye kona. Abel aliwasha kamera ya kituo na kuanza kurekodi.

"Fungua orodha ya ng'ombe," alisema Jovina. "Mzee Maganga. Tunataka kuona ameweka wapi."

Ignasi alirudisha simu kifuani. "Hapana, afande. Mimi ninafungua ukurasa wa chanjo peke yake. Ule mwingine sijawahi kuufungua tangu uanze. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mwenyewe akiwa hai. Muulizeni yeye."

Boti zilipanda na kushuka pamoja. Mbuzi mmoja alilia. Jovina alikuwa ametoa habari za namna hii mara nyingi, kwenye milango, kwenye korido za hospitali, na hakuwa amepata njia iliyo nzuri.

"Mzee Maganga amefariki, Ignasi. Aliuawa. Ameshazikwa."

Ignasi aliketi juu ya sanduku lake la chanjo. Alivua kofia ya koti, ingawa manyunyu yalikuwa yameanza.

"Nimemletea habari," alisema baadaye. "Kule aliweka jike mmoja kwa rafiki yake, amezaa mapacha. Niliwapiga picha. Nilikuwa nanyoosha simu nimtumie."

"Pole sana."

"Nilikuwa namtafutia mtandao," alisema tena, kama hakusikia.

Kisha akafuta kioo cha simu kwa ukosi wa shati, akafungua ukurasa ambao hakuwahi kuufungua, akamnyooshea Jovina.

Kabla hajasoma neno, Jovina alijua. Picha zilikuwa safi. Aliona nywele za paji la uso, nzi kwenye jicho, mkunjo wa sikio lililotobolewa.

"Hii mbona nayo ni ndogo, na picha ni kamili?" aliuliza Abel.

"Mimi natazama vidonda kwenye picha," alisema Ignasi. "Nilinunua kadi kubwa ya kumbukumbu."

Wale sita walikuwemo, na ndama aliyekataa mabua alikuwemo, akiwa na siku chache tu na miguu isiyomtosha. Kando yao alisimama Mboje akiwa na macho yake yote mawili, akicheka na mtu aliyekuwa nyuma ya kamera. Chini paliandikwa kwamba hakuwekewa tu, ametunukiwa, aanzie zizi lake.

Jovina alishusha ukurasa. Wale kumi na wawili waliopotea walikuwa wamesimama katika shamba la mahindi lililovunwa, wamenona, na aliyewatunza alisimama katikati yao, ameweka mkono juu ya pembe ya dume mkubwa. Shati lilikuwa limepigwa pasi hata kule shambani.

"Yusto," alisema Abel.

"Aliyaandika mwenyewe," alisema Jovina. "Siku ile alikuwa bado mtu mwaminifu."

"Mzee aliniambia kabla sijashuka huku," alisema Ignasi. Alikuwa akitazama maji. "Aliniambia baada ya mavuno atapita kwa watu wake awaone ng'ombe wake. Alisema kuna mmoja anamkwepa. Sikumwuliza ni nani. Unamwulizaje mtu?"

Jovina hakuhitaji jina: mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe wa kuwekewa hawezi kumwacha mwenyewe afike kuwatazama. Jovina aliipokea simu, akaizima kabisa, akaitia katika mfuko wa vielelezo na kuufunga.

*

Walipokizunguka kisiwa, simu za abiria zilianza kulia moja baada ya nyingine, na watu wakainama juu ya habari zao. Ignasi alitia mkono mfukoni, akakumbuka, akautoa.

Ya Jovina ilishika mtandao pia. Kwanza alipiga kituoni, akatoa amri fupi. Yusto akamatwe, na gari litumwe shambani kwake upande wa Laela kuuliza majirani dume lile kubwa lilichukuliwa na nani. Kisha akapiga hospitali, kwa askari aliyekuwa akimlinda Mboje.

"Mfungue pingu," alisema.

"Yote, afande?"

"Yote. Mwambie ng'ombe ni wake. Tumeona. Mzee aliandikisha."

Alisikia mlio wa chuma, kisha sauti ya askari ikisema kitu. Mnara wa Kipili ulikuwa umeshaonekana, na chini yake moshi wa wachoma samaki ukitambaa juu ya mchanga.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Hajasema kitu kuhusu hilo, afande. Daktari amempitia leo. Jicho halitarudi." Askari alikohoa. "Anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji."

Jovina alitazama begi lake lenye ule mfuko uliofungwa. Alikumbuka beseni lililojaa na vichwa sita vilivyogeuziwa upande mwingine.

"Mwambie... hapana, ngoja," alisema. "Anaweza kusimama?"

"Akishikwa, anaweza."

"Basi mshike. Mlete kituoni, awanyweshe mwenyewe."